Redio na Chumvi

Sehemu ninayoipenda zaidi katika utafiti wa Elizabeth Levy Paluck kuhusu Rwanda ni ile ya redio. Mwaka mzima umepita. Kila mwezi wasaidizi wake wamekuwa wakifika vijijini na kaseti, watu wanakusanyika, wanasikiliza mchezo wa kuigiza, kisha kila mtu anarudi kwake. Siku ya mwisho inafanywa sherehe ndogo ya shukrani, na wageni wanawaachia wanakijiji zawadi: redio moja ya kaseti pamoja na kaseti za mchezo wenyewe. Redio ni moja, watu ni wengi. Nani akae nayo?

Katika baadhi ya vijiji jambo hili linaisha haraka. Mtu anapendekeza redio akabidhiwe kiongozi wa eneo, wengine wanaitikia, basi. Katika vijiji vingine pendekezo ni lile lile, lakini anatokea wa kulipinga. Kwa nini kiongozi? Kwa nini tusichague wenyewe mtu wa kuitunza? Maneno yanakuwa mengi, na watu wanazungumza juu ya kuitumia kwa pamoja. Wale wa kwanza walikuwa wamesikiliza mchezo wa redio kuhusu afya na UKIMWI. Wa pili walikuwa wamesikiliza Musekeweya, mchezo kuhusu chuki, machafuko na maridhiano.

Makala yenye kisa hiki ilichapishwa mwaka 2009. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na katika semina zetu makala hii hutajwa kwa sentensi moja: redio ilibadilisha kanuni za kijamii, haikubadilisha imani za watu. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, tunaenda kwa utafiti unaofuata. Nimeisoma mara nyingi kuliko mtihani unavyodai, kwa sababu sentensi hiyo moja inanigusa mahali ambapo semina haifiki.

Desemba 2007 nilikuwa na miaka saba. Nyanya yangu alikuwa na shamba karibu na Molo: mahindi, viazi, na ng'ombe wawili wa maziwa. Siku chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa tuliondoka usiku kwa lori la mtu, tumebeba godoro moja na sufuria. Machafuko ya wiki hizo yaliua Wakenya zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliobahatika, maana hakuna aliyekufa kwetu. Nyanya alirudi shambani baada ya mwaka mmoja. Nyumba ilikuwa majivu. Ng'ombe wake wawili walikuwa katika boma la jirani, mtu wa jamii ile nyingine. Jirani aliwafungua, akawaleta mpaka kwenye ua wetu uliobaki vigingi, akasema, "Mama, niliwahifadhi."

Alikuwa amewahifadhi, au alikuwa amewachukua? Hatujui hadi leo. Ndiyo maana utafiti unaosema kwamba watu wanaweza kubadilika mwenendo huku mioyo yao ikibaki ilivyokuwa ni utafiti nisioweza kuunakili tu na kwenda kwa unaofuata.

*

Kwanza, mchezo wenyewe. Musekeweya, yaani Pambazuko Jipya, ulianza kurushwa Rwanda mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari yaliyochukua maisha ya watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi. Uliandaliwa na shirika la Kiholanzi, Radio La Benevolencija, kwa msingi wa nadharia za Ervin Staub, mwanasaikolojia aliyezaliwa Hungary na kunusurika utotoni katika mauaji ya Wayahudi. Staub anafundisha kwamba mauaji ya halaiki hayazuki ghafla. Yanapanda ngazi: dhiki, kutafuta wa kulaumiwa, neno baya linaloachwa lipite, tendo dogo linaloachwa lipite, mpaka lisilowezekana linawezekana. Anayeweza kukatiza safari hiyo ni mtazamaji wa kando anayeamua kusema.

Hadithi inahusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vilivyo juu ya vilima viwili, na kati yao bonde lenye rutuba. Ugawaji wa ardhi ya bonde hilo unapendelea upande mmoja, ukame unakuja, wivu unapata pa kushika. Muhumuro kuna Rutanagira, mchochezi mwenye ulimi mtamu. Dada yake, Batamuliza, anampenda Shema wa Bumanzi. Kila anayejua hadithi za mapenzi ya kukatazwa anajua kinachofuata, na bado watu walikaa kusikiliza.

Maneno mawili hayatamkwi humo: Mhutu na Mtutsi. Sababu moja ni ya kisiasa, kwani sheria za Rwanda dhidi ya mgawanyiko zinafanya maneno hayo kuwa hatari mdomoni. Lakini ni uamuzi wa kisanaa pia. Msikilizaji anaachiwa kazi ya kujaza majina. Akijaza, amekuwa mshiriki wa hadithi bila kuulizwa wewe ni nani.

Naona uzuri wa mbinu hii na naona pia mtego wake, labda kwa kuwa Kiswahili chetu cha siasa kimeshatufunza. Kenya tuna msemo "jamii fulani", na kila mtu anajua fulani ni nani. Tuna neno "madoadoa", neno la kawaida kabisa ukizungumzia ng'ombe au nguo, lililogeuka kuwa wito wa kuwaondoa majirani waonekane kama uchafu juu ya ardhi. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha, pamoja na "kwekwe", miongoni mwa maneno ya chuki. Mafumbo ya wachochezi na mafumbo ya wapatanishi hutumia karakana moja: yote humwachia msikilizaji ajaze jina. Na utakuwa umeona kwamba mimi mwenyewe sijataja kabila la nyanya wala la jirani. Msomaji Mkenya ameshakisia. Sina hakika kama nimefanya hivyo kwa busara au kwa woga.

*

Sasa matokeo. Paluck aligawa jamii kwa bahati nasibu, nyingine zikasikiliza Musekeweya, nyingine mchezo wa afya. Huu ni ustadi, kwa sababu pande zote mbili zilipata hadithi, vicheko, na sababu ya kukaa pamoja. Kama kungekuwa na tofauti, isingekuwa tu kwa sababu watu walikusanyika. Baada ya mwaka mmoja, waliosikiliza Musekeweya hawakuwa wamekubali mafundisho ya mchezo zaidi ya wenzao. Nadharia ya Staub kuhusu ngazi za chuki, waliyoisikia ikiigizwa kipindi baada ya kipindi, haikuhamia katika imani zao binafsi. Kilichosogea ni picha yao ya jinsi watu wanavyopaswa kuishi: kuhusu kuoana kati ya makundi, kuhusu kuaminiana, kuhusu kama mtu asiyekubaliana na jambo anyamaze au aseme. Huruma yao kwa wengine iliongezeka. Na ilipokuja redio, walibishana.

Kwa mtu aliyelelewa na vitabu, habari hii ni chungu kidogo. Tuliambiwa shuleni kwamba fasihi huingia moyoni na kumbadilisha mtu. Anakuja mtafiti, anapima, na kusema: moyo uko pale pale, lakini mtu amejifunza kwamba wenzake hawatamcheka akisema hapana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi kama hadithi imeshushwa cheo. Baadaye nilikumbuka jinsi walivyosikiliza. Hawakusikiliza kila mtu chumbani kwake na simu sikioni. Walikaa pamoja. Batamuliza alipolia, kila mmoja alimwona jirani yake akihuzunika. Rutanagira alipotema sumu, kila mmoja aliona nani aliguna. Mchezo uliwaonyesha wao kwa wao. Kitabu kinachosomwa kimya kimya hakiwezi kazi hiyo, na sidhani kama ni kazi ya chini.

Malalamiko yangu kwa makala yako kwingine. Wanakijiji hawa hawana sauti. Ndiyo, maadili ya utafiti yanadai majina yafichwe, na ni sahihi. Lakini kuficha jina si lazima kuwe kuficha mtu. Nataka kumjua yule wa kwanza aliyesema, "Kwa nini kiongozi?" Alikuwa mwanamke au mwanamume, aliyenusurika au aliyetoka gerezani? Alisema akiwa amesimama au ameketi? Rwanda, nchi ambayo utii kwa wenye mamlaka uliwahi kutumika kuua, sentensi hiyo ina uzito kuliko jedwali lolote. Makala inaihesabu, halafu inapita. Kama mwandishi wa riwaya angepewa tukio hilo, angeanzia hapo.

*

Paluck hakuishia Rwanda, na hapa ndipo namheshimu zaidi. Mwaka 2010 alichapisha utafiti kutoka mashariki ya Kongo. Shirika lile lile lilikuwa na mchezo wa redio huko, wenye jina la Kiswahili: Kumbuka Kesho. Safari hii swali lilikuwa jingine. Katika baadhi ya maeneo watu walisikia mchezo peke yake. Katika maeneo mengine, mchezo ulifuatwa na kipindi cha majadiliano kilichowahimiza wasikilizaji wazungumze kuhusu migogoro yao. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria warsha ya amani angeweka dau kwa kundi la pili. Zungumzeni, tunaambiwa. Mazungumzo huponya.

Waliohimizwa kuzungumza walizungumza kweli, zaidi ya wenzao. Lakini walionekana kuwa na ustahimilivu mdogo zaidi na kushika manung'uniko zaidi. Mtafiti alikuwa na kipimo kimoja kilicho rahisi hata kukifikiria kunauma: chumvi. Washiriki walipewa chumvi na kuulizwa kama wangetoa sehemu yake kwa watu wa kundi wasilolipenda. Waliosikia kipindi cha majadiliano hawakuwa tayari kutoa kama wenzao.

Mtu anayejua Kiswahili anaona kitu katika jina la mchezo ule ambacho jedwali halikioni. Kukumbuka, kwetu, kwa kawaida hutazama nyuma. Kumbuka kesho ni amri ya ajabu kidogo, inayomgeuza mtu shingo: usisahau kwamba kuna siku inakuja. Mchezo ulisema kumbuka kesho. Majadiliano, nadhani, yaliwafanya watu wakumbuke jana.

Mimi niliuona utafiti huo kabla haujafika mezani kwangu. Nilikuwa na miaka kumi, niko likizo kwa nyanya, na shirika moja lilikuja kufanya mkutano wa maridhiano katika ukumbi wa kanisa. Tulipewa soda. Mwezeshaji kijana, mwenye kofia yenye nembo, alituambia kila mtu atoe lililo moyoni. Mzee mmoja akasimama, akataja alichopoteza: nyumba, magunia ya mahindi, mtoto wa kiume. Kabla hajaketi, mwingine wa upande wa pili akasimama, akataja yake, akarudi nyuma mpaka machafuko ya 1992, kisha mpaka ardhi iliyogawanywa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kila mmoja alikuwa na hesabu, na kila hesabu ilikuwa ya kweli. Jioni walitoka makundi mawili, kila kundi na njia yake. Asubuhi ile walikuwa wamekuja wamechanganyika.

Sisemi watu wanyamaze. Nasema kuna tofauti kati ya kuwakutanisha watu na kuwapa kipaza sauti halafu kupanda gari na kuondoka. Kutoka Sierra Leone tunao ushahidi mwingine wa gharama hiyo. Mwaka 2016 Jacobus Cilliers, Oeindrila Dube na Bilal Siddiqi walichapisha utafiti wa vijiji 200 kuhusu mikutano ya hadhara ambapo waathiriwa na watenda mabaya wa vita walikutana, wakasimulia, wakaombana radhi. Msamaha uliongezeka. Mahusiano ya kijamii yaliimarika, watu walijitolea zaidi kwa mambo ya kijiji. Na papo hapo, afya ya akili ilizorota: sonona, wasiwasi, athari za kiwewe. Kijiji kilipona kwa kukopa kutoka kwa mtu mmoja mmoja. Waandishi hawapendekezi mikutano hiyo ifutwe. Wanataka ibuniwe upya ili gharama hiyo ipungue. Mimi ningeongeza: watu waambiwe bei kabla hawajaombwa kusimama.

*

Kuna jambo moja ambalo sentensi ya semina yetu hulificha. Kama redio inaweza kubadilisha kanuni bila kugusa imani, basi inaweza kuzibadilisha kuelekea upande wowote. Tunajua, kwa sababu Rwanda ilikuwa na redio nyingine kabla ya Musekeweya. RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, na ilipofika Aprili 1994 ilikuwa ikitaja watu na mahali pa kuwapata. Kwa muda mrefu picha ilikuwa rahisi: redio ilisema, watu wakaua. Scott Straus aliwahoji wafungwa waliokiri kushiriki, akakuta wengi wao hawakuzungumzia redio kama iliyowasukuma. Walizungumzia wanaume waliokuja mlangoni, viongozi wa mtaa, hofu ya vita, hofu ya kuonekana wamebaki nyuma. Naye David Yanagizawa-Drott, mwaka 2014, alitumia jinsi vilima vinavyozuia mawimbi ya redio ili kulinganisha vijiji vilivyoipata RTLM na ambavyo havikuipata, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ulitokana na matangazo hayo. Asilimia 10 ya mauaji yale ni watu wengi mno. Lakini inabaki tisini ya uso kwa uso.

Zisome tafiti hizi pamoja na ile ya kaseti, na mashine ni ile ile: mtu anatazama pembeni kuona wenzake watafanya nini. Mwaka 1994 alitazama pembeni akaona mapanga. Mwaka 2005 alitazama pembeni akaona jirani anayelia kwa ajili ya Batamuliza. Moyo wake, katika nyakati zote mbili, huenda haukuwa tofauti sana. Makala ya Paluck husomwa kama habari njema, na ni njema. Ila ningependa isomwe pia kama onyo: maridhiano yaliyojengwa juu ya kanuni yanadumu kadiri kanuni zinavyodumu, na kanuni zina wenyewe, wenye masafa na leseni na kampeni. Kwetu Kenya kila miaka mitano tunapima hilo.

Hata hivyo nashindwa kuwa na dharau. Wapo wanaosema amani ya namna hii ni unafiki, kwamba bila mioyo kubadilika hakuna maridhiano. Ni wepesi kusema hivyo walio mbali na ua wa mtu wanayemshuku. Anayeishi kando yake hahitaji kwanza ampende. Anahitaji kulala usiku. Kama kanuni ndiyo inayomfanya alale, basi kanuni si kitu kidogo, na aliyepima jinsi inavyojengwa ametufanyia kazi.

Nilipokuwa naandika pendekezo langu la tasnifu nilikwenda Molo. Jirani amezeeka, magoti yanamsumbua, wanawe ndio wanaokamua. Mjukuu wake wa kike aliingia jikoni kwa nyanya bila kubisha hodi sana, akasema wameishiwa chumvi. Nyanya alimwelekeza kopo lilipo, bila kuinuka. Mtoto akajichotea kwenye karatasi, akaenda zake.

Nikamuuliza nyanya, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kama aliwahi kumuuliza yule mzee kuhusu ng'ombe.

"Nimuulize nini?"

"Kama aliwahifadhi au aliwachukua."

Alikoroga uji kwa muda. "Nikimuuliza," akasema, "itabidi anijibu."

Nimelinukuu jibu hilo katika daftari langu la utafiti, chini ya safu ya kanuni. Kisha nikalifuta, nikalihamishia safu ya imani. Sasa liko pembeni, halina safu. Usiku ule nilimsikia akiamka mara mbili, akatoka nje na tochi, akatazama zizi, akarudi kulala. Mama yangu anasema amekuwa akifanya hivyo tangu aliporudi.